Mwalimu na Mchua Misuli

Mwaka 1877 kijana mmoja wa Kijapani, mfupi na mwembamba, alianza masomo ya chuo kikuu Tokyo akiwa na haja moja nje ya vitabu: kujifunza jujutsu, ili wababe waliokuwa wakimwonea tangu shuleni wamwache. Kumpata mwalimu ilikuwa kazi. Samurai walikwisha kukatazwa kuvaa panga hadharani, mchezo wao ulikuwa umeshuka thamani, na waliokuwa wakiufundisha walikuwa wametawanyika, kila mmoja akitafuta riziki yake. Jigoro Kano akaanza kuwatafuta waunga mifupa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mzee anayejua kurudisha bega lililotenguka, huenda ujanani alikuwa fundi wa kuyatengua ya wenzake. Muunga mifupa mmoja, Yagi Teinosuke, akamwelekeza kwa mwenzake Fukuda Hachinosuke, ambaye alikuwa bado anafundisha. Miaka mitano baadaye, 1882, Kano akaanzisha judo.

Kwa Wajapani wa wakati ule hapakuwa na ajabu. Aliyekufundisha kuangusha na kuangushwa ndiye aliyekufunga kitambaa ukivunjika. Hadi leo nchi hiyo ina kada ya watibabu wa judo, iliyotambuliwa kisheria tangu 1920, wenye leseni ya kutibu mteguko na misuli iliyochanika, na bima ya afya inawalipa.

Sisi tumezoea utaratibu mwingine. Kocha ana kazi yake na daktari ana yake, na mchua misuli amekaa pembeni ya uwanja na begi lake. Kwa maoni yangu, maumivu mengi ya mgongo na majeraha mengi ya mazoezi hupitia katika mwanya huo: anayekupa mzigo hamjui anayekutibu, na anayekutibu hajawahi kukuona ukiubeba. Ukizilinganisha mila za mazoezi kwa kipimo hiki, ugomvi wa barafu na maji ya moto, au wa kuchua na kuumika, unakuwa mdogo.

Ukubwa wa tatizo haubishaniwi. Shirika la Afya Duniani linayataja maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo kuwa ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kutekeleza shughuli zao. Mwaka 2020 waliokuwa nayo walikadiriwa kufika milioni 619, na ifikapo 2050 wanatarajiwa kuwa milioni 843. Takribani tisa katika kila kumi kati yao hawana ugonjwa mmoja ambao daktari anaweza kuunyooshea kidole kwenye picha.

Mila ambayo mwalimu na mtibabu wameungana kabisa ni ile ya kalari, huko Kerala, kusini-magharibi mwa India. Kalari ni uwanja wa mafunzo ya kupigana uliochimbwa chini kuliko ardhi inayouzunguka, sakafu yake udongo mtupu. Mwanafunzi hujipaka mafuta na kuanza na mwili peke yake: mateke ya juu, kuchuchumaa hadi nyonga ikaribie ardhi, kugeuka, kuruka. Fimbo haishiki mpaka mwalimu, anayeitwa gurukkal, aridhike na mwili huo. Silaha za chuma huja baadaye kabisa. Mpangilio huu ni wa mapigano, lakini ni kinga pia, kwa sababu kiuno hakikutanishwi na uzito kabla ya kujifunza kujibeba chenyewe.

Msimu wa mvua za kusi ukifika huja zamu ya uzhichil, yaani kuchuliwa. Mwanafunzi hulala kwenye mkeka, gurukkal akashika kamba iliyoning'inia darini na kumchua kwa wayo wa mguu, kutoka kisigino hadi begani kwa mkupuo mmoja. Mguu unaleta uzito ambao mkono hauna, na kamba ndiyo inayoupima. Kinachonivutia zaidi ni ujuzi aliokuja nao mchuaji. Paja analolikanyaga amelitazama likirusha teke kwa miezi. Anajua ni la upande gani lililo zito, nani alianguka vibaya wiki iliyopita, na nani anajikaza tu. Hahitaji kuuliza historia ya mgonjwa, maana historia hiyo ameiandika mwenyewe. Halafu yeye ndiye mwenye amri ya kesho: akiona kiuno kimekakamaa, anapunguza mateke bila kumwandikia mtu barua.

Nisiipambe mno. Madai kwamba mafuta ya kalari yanatibu magonjwa chungu nzima hayana ushahidi wa kutosha, na mfupa uliovunjika unataka eksirei kabla haujaguswa na yeyote, awe gurukkal au profesa. Tena pale ambapo mwalimu ndiye mtibabu, mwanafunzi anaweza kuogopa kusema anaumwa, asije akaonekana legevu. Lakini kitu kimoja wanacho ambacho kliniki nyingi hazina: wanaujua mwili huo ulipokuwa mzima.

India hiyo hiyo ndiko ilikoandikwa kanuni ninayoiona kuwa bora kuliko nyingi zinazobandikwa kwenye kuta za jimu. Katika vitabu vya kale vya Ayurveda, kile kinachohusishwa na Sushruta kinaagiza mtu afanye mazoezi mpaka nusu ya nguvu zake, kisha aache. Nusu hiyo inajulikanaje? Jasho likitoka kwenye paji la uso, puani na kwapani, pumzi ikaanza kupandia mdomoni na kinywa kikakauka, basi imefika. Kijana wa siku hizi aliyevaa fulana yenye maneno ya kujitoa mhanga atacheka. Lakini angalia kinachopimwa pale: ni mwili wa leo, kama ulivyoamka. Ratiba iliyoandikwa mwezi uliopita na mtu asiyejua kama umelala haina nafasi. Mwaka 2016 mtafiti wa Australia, Tim Gabbett, alieleza jambo lililo karibu na hilo kwa lugha ya namba. Wanamichezo waliozoeshwa kazi nyingi taratibu hawakuwa ndio wanaoumia zaidi. Walioumia ni wale ambao kazi yao iliruka ghafla ndani ya wiki moja kupita waliyoizoea. Uwiano wa namba alioupendekeza umekosolewa sana na wenzake, na nadhani wakosoaji wana haki. Wazo la msingi, kwamba mruko wa ghafla ni hatari, limebaki.

Wagiriki walikuwa na ngano ya kanuni hiyo hiyo. Milo wa Croton, bingwa wa mieleka, inasemekana alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Kila mwalimu wa kunyanyua vyuma anaisimulia. Hakuna anayesimulia ikiwa Milo alipewa hata siku moja ya kupumzika.

Wagiriki hao hao, lakini, ndio waliozitenganisha kazi mbili hizi, na habari yake haijulikani vya kutosha. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo aliishi Herodicus wa Selymbria, mwalimu wa mazoezi aliyeugua, akaanza kujitibu kwa mazoezi na chakula, kisha akawatibu wengine. Angekuwa mtakatifu mlinzi wa mafizio wote. Plato, katika Jamhuri, anamdhihaki: mtu huyu alichanganya mazoezi na tiba, akajitesa yeye kwanza na wengine baadaye, akarefusha kufa kwake mpaka uzeeni. Kwa Plato fundi seremala akiugua ampe daktari nafasi ya kumtibu upesi, ama afe arudi kwenye amani. Hana muda wa kuuguza kiuno.

Karne sita baadaye Galen aliufunga mlango kwa kufuli. Alianza kazi mwaka 157 baada ya Kristo kama daktari wa wapiganaji wa uwanjani huko Pergamon, kwa hiyo majeraha ya viungo aliyajua kwa macho. Hata hivyo aliandika kitabu kizima, Thrasybulus, kuuliza kama kulinda afya ni kazi ya tabibu au ya mwalimu wa mazoezi, na jibu lake likawa tabibu. Walimu wa wanamichezo aliwadharau waziwazi. Alikuwa na sababu. Akiwa na umri wa miaka 35 aliumia bega akishindana mieleka, na mwalimu aliyekuwapo akadhani ni mfupa wa mkono uliochomoka, akaanza kuuvuta. Galen ndiye aliyegundua kwamba mfupa wa mtulinga ndio uliohama, akaamuru aachwe na afungwe bendeji za kukaza. Mtu aliyekaribia kuharibiwa bega na kocha wake hawezi kulaumiwa sana kwa kutaka makocha wakae mbali. Lakini uamuzi wake ulirithiwa na tiba ya Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu, na waliourithi hawakuwa na bega bovu la kuwatetea.

Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa mwanafunzi wa Galen kwa vitabu, lakini katika suala hili naona alimzidi kwa busara. Ndani ya Kanuni ya Tiba aliyaweka mazoezi katika moyo wa utunzaji wa afya, akayagawa kwa ukali na wepesi, na akampa mchuaji nafasi mbili zenye saa zake: kuchua kwa maandalizi kabla ya mazoezi, kwa upole kisha kwa nguvu zaidi, na kuchua kwa kurejesha baada ya mazoezi, kwa mafuta na bila kuumiza. Mchuaji hakuitwa kwa sababu mtu ameanguka. Alikuwa sehemu ya zoezi lenyewe.

Kuvuta mgongo, kwa upande mwingine, kumeishi kuliko kulivyostahili. Maandishi yanayohusishwa na tabibu Mgiriki Hippocrates yanaeleza benchi la mbao ambalo mgonjwa mwenye kibyongo alilazwa kifudifudi, akavutwa kwa kamba kichwani na miguuni huku mtu mwingine akigandamiza kwenye nundu. Ibn Sina aliipokea mbinu hiyo, na mwaka 1465 tabibu Mturuki Şerefeddin Sabuncuoğlu aliichora kwa rangi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo umeiweka miongoni mwa tiba zisizopendekezwa, pamoja na mikanda ya kiunoni na dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Mwandishi wa kale, kumtendea haki, alikwisha kuonya kuhusu mbinu iliyotisha zaidi: kumfunga mgonjwa kwenye ngazi kichwa chini na kuidondosha kutoka juu. Alisema wanaoifanya ni wale wanaotaka umati ubaki midomo wazi. Ningependa kumwonyesha video za simu za leo, mtu akikunjwa shingo mpaka ialike na maoni elfu kumi chini yake.

Uingereza ya karne ya 19 inatupa kichekesho kichungu. Vijijini walikuwapo waunga mifupa wasio na shahada ambao watu waliwaamini kuliko madaktari. Mwaka 1867 Sir James Paget, daktari mkubwa wa upasuaji London, aliwahutubia wenzake akawaambia waziwazi kwamba kuna wagonjwa wanaoponeshwa na hao, wengi wakiwa na viungo vilivyokakamaa kwa kupumzishwa mno, na kwamba madaktari wajifunze. Wakati huo huo, Liverpool, kijana wa ukoo maarufu wa waunga mifupa kutoka Wales alikuwa amesomea udaktari. Hugh Owen Thomas alikuwa na urithi wa mikono ya vizazi kadhaa, na mafunzo aliyoiachia dunia yakawa kupumzisha: kiungo kinachouma kipumzishwe kwa lazima, bila kukatizwa, kwa muda mrefu. Kwa kifua kikuu cha mifupa, na kwa mapaja yaliyovunjwa na risasi katika vita vya 1914 hadi 1918, banzi lake liliokoa maisha ya maelfu. Kwa kiuno cha kawaida, fikra hiyo ilizaa balaa. Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston wakaonyesha kwamba diski iliyotokeza inaweza kubana neva, na tangu hapo mgongo ukawa kitu chenye hitilafu. Watu wakalazwa kitandani wiki baada ya wiki, misuli ikanywea, ajira zikapotea.

Kurudi nyuma kulichukua nusu karne. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake Marekani waliwalinganisha walioagizwa kulala siku 2 na walioagizwa siku 7. Wa siku 2 hawakupoteza chochote ila walirudi kazini mapema. Mwaka 1995 utafiti wa Helsinki ukaona kwamba walioendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona vizuri kuliko waliolazwa. Halafu mashine za MRI zikaja na fedheha yake. Muhtasari wa tafiti uliochapishwa 2015 ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80, na hao wote hawakuwa na maumivu. Ukipewa karatasi ya picha inayosema diski zako zimechakaa, ujue umepewa pia habari za umri wako. Na mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, waliwapa watu 701 waliopona maumivu ya mgongo utaratibu wa kutembea, wakipandishwa polepole hadi dakika 30 kwa siku, mara 5 kwa wiki, na fizio wa kuwaongoza. Maumivu yalichelewa kurudi: siku 208 kwa kipimo cha kati, dhidi ya 112 kwa wasiopewa kitu. Hii ni tiba aliyochekewa Herodicus.

Hata barafu imeteremshwa cheo. Dk. Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza mwaka 1978 mpango wa kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua mguu ulioteguka; mwaka 2014 aliandika mwenyewe kwamba barafu na mapumziko marefu huenda yanachelewesha kupona. Barafu inatuliza maumivu, basi. Ikishatuliza, kinachotengeneza enka ni kuikanyagia tena kidogokidogo.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina nini katika hesabu hii? Inao wakandaji, kwanza. Mama anayemkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga mkaja katika arobaini yake anafanya kazi ambayo hospitali za uzazi huiacha mlangoni: anamshika kiuno mwanamke kila siku, anamwambia asiiname kuchota maji, asinyanyue ndoo, alale hivi, aketi hivi. Kama mkaja wenyewe unaukaza mgongo au hapana, sioni sababu ya kuapia. Ninachokiona ni mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya mgonjwa na juu ya ndoo. Mkandaji mzuri wa mtaani naye, kabla hajamimina mafuta ya nazi yenye karafuu, huanza na swali: "Mwanangu, jana ulibeba nini?" Hilo ni swali la gurukkal. Kuna madaktari wanaoandika diklofenaki bila kulifikia.

Chuku ya pembe ya ng'ombe imepumzishwa na vikombe vya plastiki, na vituo vya hijama vimefunguliwa mji baada ya mji. Mwogeleaji Michael Phelps alipoonekana Rio mwaka 2016 na miviringo ya zambarau mabegani, vikapata tangazo la bure. Ushahidi uliopo unaonyesha nafuu ndogo ya muda mfupi. Kuchua kunafanana na hilo, isipokuwa Shirika la Afya Duniani limekubali kukuweka kwenye orodha ya vinavyofaa pamoja na mazoezi na maelezo mazuri kwa mgonjwa. Sina ugomvi na nafuu ya muda mfupi. Aliyelala usiku mmoja bila kupiga kite anajua thamani yake. Ugomvi wangu ni pale mkandaji anapokuwa hana la kusema kuhusu kesho, au anapokuwa na jibu moja kwa kila kiuno. Vibao vya nguzo za umeme vinajua majibu hayo: ngiri, chango, upungufu wa nguvu za kiume, vyote kwa simu moja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Afrika Mashariki bado ina kifua kikuu, na kifua kikuu hupenda uti wa mgongo. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda hayataki mafuta wala kukanyagwa. Yanataka vipimo na dawa za miezi mingi, tena haraka kabla pingili hazijaporomoka. Vivyo hivyo ganzi sehemu za siri, mkojo usiozuilika au usiotoka, na miguu inayopoteza nguvu: hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo. Mkandaji anayezijua dalili hizi na kumkatalia mteja pesa yake, akamtuma kituo cha afya, ni mtibabu kuliko wengi.

Mizigo ndiyo inayonirudisha kwenye mwanya nilioanza nao. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vilivyofanywa Kenya na mtafiti Maloiy na wenzake. Wanawake wa Kiluo waliojitwika kichwani, na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda uliopitishwa kichwani, waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya waliotembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ikaelezwa kwamba ni mwendo wao, unaookoa nguvu ya hatua moja kwa ajili ya inayofuata. Habari hizo zilipendwa sana, hasa na watu ambao hawajawahi kujitwika kitu. Mwaka 2010 mtafiti Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, wakakuta nafuu hiyo si ya wote, na kwamba shingo zao ziliuma. Ustadi upo. Haufuti uzito.

Nepal wana ustadi mwingine. Vipimo vya 2005 kwenye njia ya kwenda Namche vilikuta wapagazi wanaume wakibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao, kikapu mgongoni na mkanda kichwani. Wanakwenda polepole saa nyingi na kupumzika mara kwa mara, na kila mmoja ana fimbo fupi yenye umbo la T anayoitegesha chini ya kikapu, akasimama kuvuta pumzi bila kuutua mzigo. Mapumziko yake amekwenda nayo mkononi, na yeye ndiye anayeamua yaanze lini.

Sasa mtazame mchukuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, chini ya gunia la lumbesa. Serikali ya Tanzania imelipiga marufuku mara nyingi, na bado linakuja, limeshonewa kilemba juu, kilo zaidi ya 100. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaka mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Kenya, kwa kanuni za 2019, iliweka gunia la viazi kwenye kilo 50. Aliyejaza lumbesa shambani hatalinyanyua, na anayelinyanyua hakuulizwa. Mara nyingi huja mtaalamu kumfundisha mchukuzi kukunja magoti na kunyoosha mgongo. Mapitio ya Cochrane ya 2011 yaliyachambua mafunzo ya aina hiyo na hayakuona ushahidi kwamba yanazuia maumivu ya mgongo. Ni rahisi kuelewa kwa nini: somo linamfikia mwenye kiuno, na kilo ziko mikononi mwa mtu mwingine.

Kaptagat, Kenya, kwenye kambi ya mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge, kazi mbili zimerudi kukaa pamoja. Patrick Sang, mshindi wa fedha wa mbio za kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, ndiye kocha. Fizio Peter Nduhiu anawachua wakimbiaji hao na kuwaongoza mazoezi ya kiuno na nyonga juu ya mkeka. Siku za mbio nyepesi Kipchoge hukimbia taratibu kiasi kwamba mtalii mwenye afya anaweza kumfuata kwa muda. Watalii wengi hulishangaa jambo hilo kuliko kasi yake.

Kwenye viwanja vya mchangani hatuhitaji Kaptagat. Mpango wa kupasha misuli uliotengenezwa chini ya FIFA mwaka 2006 unachukua dakika 20, haudai kifaa isipokuwa mpira, na una kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua, na lile zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole huku mwenzako akikushika visigino, ambalo limepunguza kuchanika kwa nyama za paja karibu nusu katika tafiti. Ukifanywa mara mbili kwa wiki, majeraha yamekuwa yakipungua kwa takribani theluthi moja. Anayefaa kuuongoza yupo tayari: ni mchua misuli, anayejua nani alitonesha goti Jumapili iliyopita. Apewe dakika hizo 20, na apewe sauti ya kumwambia kocha kwamba namba 6 asicheze. Shida ni hesabu za timu. Nyingi nilizoziona humlipa kwa mechi na si kwa mazoezi, kwa hiyo Jumanne na Alhamisi, misuli inapochoshwa taratibu mpaka ichanike Jumapili, yeye yupo kwenye kibarua chake kingine.